Kabla Katuni Haijaitwa Sanaa, Gazeti Lisifungiwe Maandazi

Ukiuliza kwa nini Wafaransa wanaiita katuni "sanaa ya tisa" huku mchora katuni wa Dar es Salaam au Nairobi bado akiulizwa kazi yake hasa ni ipi, utajibiwa haraka kwamba wenzetu wanachora vizuri zaidi. Si kweli, na jibu hilo linawadhulumu wachoraji wetu wengi. Katuni zilizokuja kuingia makumbusho Paris na Ohio ni zilezile zilizouzwa kwa senti chache, zikasomwa asubuhi na kutupwa jioni, huku walimu na mapadri wakizilaani. Hakuna aliyezichora upya. Kilichobadilika ni yale ziliyofanyiwa baadaye. Mtu alizitunza, mwingine akatafuta nani alizichora, mwingine akajifunza kuzisoma kwa makini na kuandika alichokiona. Hatua ya kwanza, ya kutunza, ndiyo inayobeba nyingine zote, na ndiyo tuliyoiruka.

Chukua ukurasa mmoja uone. Tarehe 26 Julai 1908, gazeti la New York Herald lilichapa kipande cha Little Nemo in Slumberland, kazi ya Winsor McCay, ukurasa mzima wenye rangi. Mtoto Nemo yuko kitandani, na miguu ya kitanda inaanza kurefuka. Kitanda kinatoka nje, kinatembea mjini, kinaruka mapaa, hadi mguu unajikwaa kwenye mnara wa kanisa na Nemo anaanguka. Katika fremu ndogo ya mwisho anazinduka, yuko chini sakafuni. Sasa tazama fremu zenyewe. Kadiri miguu inavyorefuka, ndivyo fremu zinavyorefuka; safu ya chini ni ndefu kuliko safu ya juu. Msomaji haambiwi kwamba kitanda kimefika juu. Jicho lake lenyewe limelazimishwa kusafiri mbali zaidi kutoka kitandani hadi ardhini. Turubai la mchoraji haliwezi kufanya hivyo, na skrini ya sinema kwa kawaida haibadiliki umbo katikati ya hadithi. Hapo ndipo katuni inaposema jambo kwa namna ambayo hakuna sanaa nyingine inayoweza.

Ili mtu ayaone hayo, anahitaji ukurasa wenyewe, kwa ukubwa wake na rangi zake. Na ukurasa huo ulikaribia kupotea. Kuanzia miaka ya 1950 maktaba kubwa za Marekani zilianza kupiga magazeti yao picha kwenye mikrofilamu ya milimita 35, yaani utepe wa filamu wenye picha ndogo mno za kurasa, kisha kuyatupa majalada halisi, kwa sababu magazeti hula nafasi na karatasi yake huchakaa. Mikrofilamu hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Habari za siasa hazikupungukiwa kitu kwa hilo, lakini ukurasa wa katuni wa Jumapili uligeuka madoa meusi. Bluu na nyekundu za McCay zilitoka na weusi uleule, na herufi ndogo ndani ya viputo vya maneno zikajaa wino, hazisomeki.

Aliyeziokoa ni Bill Blackbeard wa San Francisco, mpenzi wa katuni asiye na cheo chochote cha chuo kikuu. Alipoziomba maktaba zimpe majalada yaliyokuwa yakitupwa, alikuta haziruhusiwi kumkabidhi mtu binafsi mali hizo. Basi mwaka 1968 akasajili taasisi isiyo ya faida, San Francisco Academy of Comic Art, na makao yake yakawa nyumbani kwake. Kwa karibu miaka 30 alikusanya, akakata, akapanga kwa jina la katuni na tarehe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyo huo ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ulihitaji malori makubwa 6 na ulikuwa na uzito wa takriban tani 75. Vitabu vingi vya historia ya katuni za Marekani vimechota humo, kikiwemo kile ambacho yeye mwenyewe alikihariri pamoja na Martin Williams kwa ajili ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, mwaka 1977, kabla mkusanyo haujahama. Maprofesa walikuja baadaye, wakakuta kazi imeshapangwa.

Jambo la pili ni jina la mchoraji. Kwa miaka mingi vitabu vya katuni vya Disney vilitoka na jina moja tu juu yake, la Walt Disney. Wasomaji waliona kwamba mmoja kati ya wachoraji wale wasiotajwa alikuwa na mkono wa pekee, wakawa wanamwita "yule mchoraji mzuri wa bata". Ilifika karibu mwaka 1960 ndipo mashabiki wakamfuatilia na kugundua kwamba ni Carl Barks. Tangu hapo ikawezekana kusema hadithi hii ni ya Barks na ile si yake, na kuuliza alianza kubadilika lini. Bila jina huwezi kuuliza maswali hayo, na bila maswali hayo hakuna uhakiki.

Kukosa jina kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein, mchoraji wa Marekani wa sanaa ya makumbusho, alichora Whaam!, turubai la zaidi ya mita 4 kwa upana, akitumia kama chanzo kikuu fremu iliyotoka katika kitabu cha katuni za vita cha mwaka 1962. Jumba la sanaa la Tate la London likalinunua mwaka 1966. Fremu ile ilichorwa na Irv Novick, lakini mtazamaji wa miaka ile hakuwa na njia rahisi ya kulijua jina lake. Makumbusho yalimpokea aliyenakili miaka mingi kabla ya kumpokea aliyechora. Wanaosema sanaa ya jukwaa la juu huinua sanaa ya watu wa kawaida kwa kuitumia wautazame mfano huo vizuri. Pesa na heshima vilikwenda kwa turubai, na mchoraji wa katuni akaendelea kulipwa kwa ukurasa.

Ufaransa ndiyo iliyokamilisha njia nzima, nayo ilianzia pabaya. Sheria ya tarehe 16 Julai 1949 kuhusu machapisho ya vijana ilizitazama katuni kama hatari kwa malezi, ikaunda kamati ya kuzikagua. Mwaka 1962 kikundi cha wasomaji watu wazima, akiwemo mwongoza filamu Alain Resnais, kikaanzisha klabu ya kuzitafuta katuni walizosoma utotoni katika miaka ya 1930. Kwanza walitaka tu kuzisoma tena. Lakini ili uisome tena ni lazima uipate, ukiipata ni lazima ujue imekamilika au imekatwa, na ukitaka kujua hilo unaanza kulinganisha matoleo. Nostalgia, yaani hamu ya mambo ya zamani, ikageuka utafiti kwa njia hiyo. Mwaka 1964 mhakiki Claude Beylie akaandika kuhusu "sanaa ya tisa", akiendeleza ile hesabu ya Ricciotto Canudo aliyeiita sinema sanaa ya saba. Mwaka huohuo Morris, mchoraji wa Lucky Luke, akaanza safu katika jarida la Spirou ya kuwaeleza watoto wachoraji wa zamani walikuwa akina nani.

Mwaka 1967 katuni zikaingia Musée des Arts décoratifs, katika jengo la Louvre. Inafaa kujua waandaaji walifanya nini, kwa sababu kosa lao linarudiwa hadi leo. Walipiga picha fremu mojamoja, wakazikuza mara nyingi, aghalabu kwa nyeusi na nyeupe, wakazitundika ukutani. Mkakati huo ulifanikiwa: mtu aliyezoea kudharau alisimama mbele ya mstari wa wino wenye urefu wa mkono akakiri kwamba huyu anajua kuchora. Ila fremu moja iliyokuzwa si katuni. Imepoteza fremu iliyotangulia na inayofuata, imepoteza ule uwazi mweupe katikati ambamo msomaji mwenyewe hujaza kitendo, na imepoteza ukurasa. Ni mchoro mzuri ulionyofolewa kwenye sentensi yake. Ukiandaa maonyesho, tundika kurasa nzima kwa ukubwa wake, na chini yake weka nakala ya gazeti au kitabu ambayo mgeni anaweza kuishika na kuifunua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Francis Lacassin alitoa kitabu cha kuitetea sanaa hiyo mwaka 1971. Tamasha la katuni la mji wa Angoulême lilianza Januari 1974. Katika miaka ya 1980 serikali iliamua kujenga kituo cha taifa cha katuni mjini humo, na nakala za katuni ambazo sheria inawataka wachapishaji wazikabidhi kwa taifa zihifadhiwe zikaanza kupelekwa huko pia. Hilo la mwisho haliandikwi sana magazetini, lakini kwa maoni yangu lina uzito kuliko tamasha. Tamasha hudumu siku nne, lakini sheria ya kuweka nakala huhakikisha kwamba hata katuni isiyopendwa leo itakuwepo kwa atakayeihitaji miaka 50 ijayo. Jalada gumu nalo lilichangia. Hadithi iliyotoka kwa vipande jaridani ilikusanywa kuwa albamu ya kurasa 48, yaani vikunjo vitatu vya kurasa 16, ikauzwa dukani na kusimama rafuni mgongo ukisomeka. Kitu chenye mgongo hupata nafasi maktaba, lakini gazeti la jana halina rafu ya kukaa.

Sasa tuje kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndani ya jiji moja la Dar es Salaam, zilianza kazi mbili za picha za watu wa kawaida. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikuwa akichora Chakubanga, mhusika aliyejulikana mpaka jina lake likatumiwa na wengi kuita katuni yoyote ile. Na mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini vya takriban sentimita 60 kwa 60, na kuuza karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay.

Tingatinga alichora kwa miaka minne tu. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 baada ya kudhaniwa mhalifu. Hata hivyo leo jina lake ni jina la mtindo mzima, wanafunzi wake waliacha wanafunzi, ushirika ulisajiliwa mwaka 1990, na mabao yake yanatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi. Chakubanga, aliyekuwa mikononi mwa wasomaji wengi mno kuliko waliowahi kugusa ubao wa Tingatinga, hana ukuta wake popote.

Tofauti haiko katika kipaji. Ubao ni kitu kimoja, kizito, chenye sahihi mbele, na mnunuzi alikipakia kwenye ndege akakitundika sebuleni kwake. Rangi ya aina ile hustahimili miongo mingi. Katuni ya gazeti ilichapwa kwa maelfu, kila nakala ikawa haina thamani, na kufikia Jumatatu ya pili nyingi zilikuwa zimefungia karanga na maandazi. Mchoro wenyewe wa wino ulibaki kwenye meza ya chumba cha habari, nani aliuchukua hajulikani. Ndiyo maana pia Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, ambao Philip Ndunguru aliwapa uhai mkubwa kabla ya kufariki mwaka 1986, wanakumbukwa kwa vicheko na kila aliyesoma miaka ile, lakini mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu yao analazimika kuanza kwa kutafuta nakala. Juha Kalulu wa Edward Gitau alidumu katika Taifa Leo ya Kenya kwa miongo mingi. Mtu angeweza kusoma humo historia nzima ya ucheshi wa Kiswahili cha Kenya kama mfululizo ungekuwa umekusanywa jalada kwa jalada. Na si ajabu kwamba sehemu ya uchambuzi wa kina wa vikatuni vya Kiswahili imechapishwa Ujerumani. Uchambuzi hufuata nakala zilipo.

Kwa hiyo kazi ya leo inaanza na karatasi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa na kuachiwa lignini, ile gundi ya asili ya mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha asidi, nayo asidi hukata nyuzi za karatasi. Ndiyo sababu gazeti huwa njano kwanza kwenye kingo, kisha kwenye mkunjo, kisha likakatika palepale lilipokunjwa. Pwani tuna adui wa pili. Unyevu wa hewa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hupita asilimia 70 kwa muda mrefu wa mwaka, na juu ya asilimia 65 ukungu huanza kuota. Kabati la bati lililobanwa ukutani ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa ukuta hutoa jasho na hewa haipiti.

Gazeti lihifadhiwe likiwa limelala na kukunjuliwa, ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kisha ndani ya boksi, juu ya rafu iliyo walau sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni. Toa pini na klipu za chuma, maana zitashika kutu. Usiziunganishe sehemu zilizochanika kwa selotepu. Gundi yake itaingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Usilaminishe kamwe. Laminesheni inapendwa sana maofisini, na ndiyo njia ya uhakika ya kuifungia asidi ndani pamoja na mchoro bila uwezekano wa kuitoa.

Kuskani kuna makosa yake. Skani kwa rangi hata kama katuni ni nyeusi na nyeupe, dpi 400 (nukta kwa kila inchi) kwa gazeti lililochapwa na 600 kwa mchoro halisi wa wino, na uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. JPEG iwe ya kusambazia tu. Nyuma ya ukurasa weka karatasi nyeusi, la sivyo habari za upande wa pili zitapenya na kuonekana kama vivuli nyuma ya wahusika. Mtu wa duka la steshenari atakushauri uchague mpangilio wa nyeusi na nyeupe tupu ili faili iwe ndogo. Kataa. Ukifanya hivyo kwenye mchoro halisi unafuta penseli ya bluu iliyotangulia wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, na kipande cha karatasi kilichobandikwa pale mhariri alipodai maneno yabadilishwe. Vitu hivyo vitatu ndivyo ushahidi wa namna mchoraji alivyofikiri, na mara nyingine ndivyo ushahidi wa alichokatazwa kusema. Jina la faili libebe gazeti, mwaka, mwezi, siku na ukurasa kwa mpangilio huo. Kipande kilichokatwa bila tarehe ni hasara nusu: unaweza kukifurahia, lakini katuni ya siasa usiyojua ni ya wiki gani huwezi kuieleza.

Kuna mtego mmoja katika kupanda cheo. Mwaka 1992 Maus, kitabu cha katuni cha Art Spiegelman, kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, na tangu hapo wachapishaji wengi wakaona njia ya heshima ni kitabu kinene cha picha, chenye kumbukumbu ya familia au vita. Barly Baruti, mchora katuni wa Kisangani, Kongo, alipitia mlango wa albamu za Ulaya, na kazi yake inastahili kila heshima iliyopata. Lakini tukikubali kwamba kitabu kinene ndicho sanaa na fremu tatu za gazetini ni utani tu, tutakuwa tumetupa sehemu kubwa ya tulichonacho. Fremu tatu ni umbo gumu. Ya kwanza imtaje mhusika na mahali, ya pili ijenge matarajio, ya tatu iyavunje, na maneno yote yasizidi 30 hivi, maana kiputo kikivimba kinameza uso wa anayesema. Ahukumiwe mchoraji kwa umbo alilolichagua.

Mwisho ni suala la mchoro halisi ni wa nani. Kampuni ya katuni ya Marvel, ya Marekani, iliporudisha kurasa halisi kwa mchoraji wake wa zamani Jack Kirby mwaka 1987, baada ya mgogoro wa miaka, alipata takriban 1,900 kati ya zaidi ya 10,000 alizochora. Mchoraji anayeuza katuni gazetini aandike kwenye mkataba mistari miwili: gazeti linanunua haki ya kuchapa mara moja, na karatasi au faili halisi inabaki kwake. Tanzania na Kenya hati miliki huendelea miaka 50 baada ya mwandaaji kufariki, hivyo warithi nao wana sababu ya kujua kilipo kitu. Aliyeajiriwa awe mwangalifu zaidi, kwani haki za kiuchumi zinaweza kuhesabiwa za mwajiri kama mkataba umekaa kimya.

Kwa anayechora kwenye tableti, karatasi halisi haipo kabisa, na kinachoitwa cha asili ni faili lenye tabaka zake. Achore kwa ukubwa wa kuchapa tangu mwanzo. A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Atunze faili la tabaka, TIFF iliyounganishwa, na PDF, katika nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba anamokaa. Wengi huposti Instagram kisha wanafuta faili ili kupata nafasi kwenye simu, wakiamini kazi iko salama mtandaoni. Kinachobaki kule kwa kawaida ni picha ya pikseli 1080 kwa upana, ambayo ikichapwa kwa ubora wa maonyesho inatoka na upana wa sentimita 9.